Ruta ya Fundi Cherehani

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, fundi cherehani ambaye ni kiziwi, kununua ruta ya intaneti mjini Nachingwea, maana kwake mtandao wa simu unakatika mno. Muuzaji akaniuliza mimi badala yake: "Huyu bubu atampigia nani?"

"Dada yake," nikajibu.

Nyumbani tuliweka laini kwenye ruta, tukaiwasha. Taa ikabaki nyekundu mpaka tulipoisogeza dirishani, ikageuka kijani. Akampigia dada yake aliyeko Dodoma, kiziwi mwenzake, kwa video.

Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama yao. Mikono ya fundi ilianza polepole, kisha ikashika kasi. Alicheka, akalia, akafuta machozi kwa kiwiko ili vidole visisimame.

Mkewe, ambaye anasikia, alikuwa mlangoni na sufuria mkononi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "miaka sita ya ndoa sijawahi kumwona akiongea hivi. Mimi najua ishara za chakula na wageni tu."

Akaweka sufuria chini, akaketi kando ya mumewe, akaanza kuiga mikono yake.

Nikaondoka. Mimi, jirani yake kwa miaka tisa, najua kumpungia mkono tu.