Herufi Ambayo Lusia Hakuwa Nayo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani. Nilifika Tunduma kwenye karakana ya kampuni ya malori, nimevaa shati nililofungia ndoa, nikamkabidhi Mkuu wa Karakana leseni yangu. Aliigeuza huku na huku bila kunitazama usoni.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Jina langu, mzee."

"Jina lako halishushi gari mlimani. Nauliza hizi herufi."

Nilijibu kwamba ni alama za serikali. Alinikalisha juu ya tairi kuukuu mpaka saa sita, na karatasi mkononi, nikikariri kama mtoto wa darasa la kipaimara. A ni pikipiki, na ndani yake mna A2 ya bajaji. B ni gari lako binafsi. C ni abiria, nayo imegawanywa kwa idadi ya watu unaowabeba. Wa teksi si wa basi. D inakuruhusu magari ya kawaida na ya mizigo midogo. E ndiyo ya malori makubwa na matela, lakini hata mwenye E haruhusiwi kupakia abiria. G ni trekta na mitambo ya migodini.

"Kila herufi ni mtihani uliofanya," aliniambia. "Usiyokuwa nayo ni mtihani ambao barabara itakufanyisha yenyewe."

Nilianza na D. Miaka ya mwanzo nilipeleka vipuri Mkwajuni kwa pikapu, kisha nikahamishiwa Ndalambo kusomba mahindi kwa kenta, lori dogo. Baadaye nilirudi chuoni, nikatahiniwa, nikapata E, nikavuta matela mpaka mgongo ukakataa. Ndipo Meneja akanipa kiti cha msimamizi wa madereva. Kazi yangu ilikuwa kuandika hati ya safari, yaani karatasi inayosema nani anaondoka na gari gani, na kuitia sahihi. Bila sahihi yangu, geti halikufunguliwa.

Katika madereva wangu alikuwapo Lusia, mama wa watoto wawili kutoka Momba. Aliendesha kenta kwa utulivu ambao sikuuona kwa wengi. Leseni yake ilikuwa D. Tela alilijua kwa kulisogeza uani tu, kulipisha lingine.

Asubuhi moja dereva wa tela la kupeleka mahindi Mbeya aliamka na malaria. Meneja aliingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Mwandikie Lusia."

"Hana E, Meneja."

"Anaendesha vizuri kuliko wanaume wako wote. Mteja anangoja. Kama mkono wako mzito, Mzee Mwasenga, wapo wenye mikono myepesi wanaokitaka hicho kiti."

Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Nikaandika. Nikatia sahihi.

Lusia alipoipokea hati aliisoma mara mbili. "Baba, hili nimelizoea hapa uani tu."

"Nenda polepole," nikamwambia. "Ukifika Mlowo nipigie."

Maneno hayo mpaka leo nayaonea haya. Nilijua kilichopo baada ya Mlowo. Nilijua mteremko wa Senjele.

Hakupiga. Saa nne nilipiga mimi, simu haikupatikana. Saa tano, vivyo hivyo. Chai iliyokuwa mezani ilipoa, nikaagiza nyingine, nayo ikapoa. Kila simu iliyolia uani ilinisimamisha. Nilitoka mpaka getini, nikarudi, nikatoka tena, mlinzi akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Saa sita ikaingia picha kwenye kundi la madereva. Tela limelala ubavu Senjele, mahindi yamefunika barabara. Kichwa cha gari kilikuwa cha buluu. Vya kwetu vyote vilikuwa vya buluu. Namba haikuonekana.

Nilichukua pikapu. Sikumbuki kupita Vwawa. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia watoto wale, na kila sentensi ilianza na "mimi". Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, nikaliegesha gari kando na kushuka kwa miguu, karibu nikikimbia.

Dereva alikuwa ameshatolewa. Walikuwa wamemlaza kando ya barabara, amefunikwa kitenge.

"Mwanamke?" nilimuuliza mama aliyekuwa amepiga magoti pembeni.

"Mwanamume, mzee."

"Asante Mungu!" Nilisema kwa sauti. Yule mama aliniinulia macho.

Nilipanda tena mlima. Karibu na kilele, mahali penye upana nje ya foleni, nilisikia naitwa. Niliposhuka mbio sikuwa nimepaona. Tela letu lilikuwa limeegeshwa, matairi yote yamewekewa mawe. Lusia alikuwa amesimama mbele yake, funguo mkononi.

"Nimesimama hapa tangu saa nne, baba. Kwenye kile kimteremko cha nyuma nilikanyaga breki mara tatu mfululizo, mshale wa upepo ukashuka. Nikajiuliza, huko chini itakuwaje? Simu imekwisha chaji. Mnifukuze tu. Sishuki."

Breki za malori haya zinafanya kazi kwa upepo unaosukumwa na mashine na kuhifadhiwa kwenye matangi. Ukikanyagakanyaga kama unaendesha kenta, upepo unakwisha kabla mlima haujaisha. Hayo ndiyo anayofundishwa mwenye E. Lusia hakuwa amefundishwa. Aliyaona mwenyewe kwenye mshale, akawa na ujasiri wa kusimama. Mimi nilifundishwa, na ujasiri huo sikuwa nao mbele ya Meneja.

Barabara ilipofunguliwa nilikaa kwenye usukani, yeye kando yangu. Nilichagua gia nzito kabla mteremko haujaanza, nikawasha breki ya injini, nikashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kesho yake Meneja alimwita Lusia, nikaingia naye. "Nani alikuruhusu kusimama?"

"Hakuhitaji ruhusa," nilidakia. "Mwenye kosa ni mimi niliyemwandikia." Nikaweka mezani barua iliyoeleza kila kitu. Aliisoma, akaifungia kwenye droo. Hakuna aliyefukuzwa. Tangu siku hiyo nilianza kudai leseni kwanza, hati baadaye, naye hakunilazimisha tena. Lusia alikwenda chuoni akapata E. Siku hizi anafika mpaka Dar es Salaam.

Nami nimestaafu, nina shamba langu dogo la kahawa karibu na Mbozi Mission. Vijana wa bodaboda huja kuniuliza kama A1 inatosha kuendesha bajaji. Nawajibu haitoshi, nawaeleza sababu, wanacheka kidogo na kuondoka. Hawajui kwa nini sauti yangu hubadilika.

Sikuuliza jina la yule aliyelala chini ya kitenge, wala leseni yake ilikuwa na herufi gani. Lakini najua kwamba saa ile ile niliyomshukuru Mungu, mahali fulani msimamizi wake alikuwa akitoka mpaka getini na kurudi, anapiga simu isiyopatikana.