Maji Chini ya Dirisha la Kompyuta

Kila hitilafu ilipotokea, hata ile ambayo chanzo chake kilionekana kwa macho, Ethel Erasto alianza kwa kuitaka kompyuta ijiulize yenyewe kama ipo. Aliandika amri fupi kwenye skrini nyeusi, ile amri ya ping inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, lakini badala ya kuutuma ujumbe kwenye mashine nyingine, aliutuma kwenye mashine ileile aliyoikalia. Mashine ilijibu. Ndipo alipopandisha miwani yake na kuendelea na kazi.

Wanafunzi walimcheka. "Mama Wema, si unaiona inawaka? Unaiuliza nini tena?"

"Kuwaka si kuwepo," alisema. "Mimi niliishi na mwanamume aliyekuwa anawaka tu."

Hawakujua kama ulikuwa utani. Mimi nilifundisha naye chuo kimoja kwa miaka mingi na sikujua pia. Baba wa Wema, mtoto wake, aliondoka Newala Wema akiwa mdogo, akaoa kwingine, na Ethel hakumtaja isipokuwa kwa namna hiyo, pembeni, katikati ya kazi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha ufundi na kilimo, karibu na ukingo wa uwanda pale ambapo nchi inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Ethel aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta zilikuja baadaye, za msaada, zimechoka kabla hazijafika. Fundi mmoja kutoka Mtwara, Walter, aliziwekea mfumo wa Linux kwa kuwa ni wa bure na hauhitaji mashine yenye nguvu, akakaa siku chache, akaondoka. Ethel akakabidhiwa ufunguo, maana yeye ndiye aliyekuwa amezoea kibodi. Mfumo ule una kurasa za maelezo ndani yake, za Kiingereza kigumu. Alizisoma akiwa na kamusi mapajani, jioni kwa jioni, na baada ya misimu kadhaa ya korosho akawa ndiye mtu pekee pale chuoni aliyeweza kuzungumza na zile skrini nyeusi.

Chumba chake kilikuwa na sheria moja. Viatu vilibaki mlangoni. Mchanga wa uwanda ni laini na mwekundu, huingia kwenye feni za mashine na kuzisonga, kwa hiyo kila aliyeingia aliingia pekupeku. Ethel peke yake alivaa kandambili za mpira, kwa sababu visigino vyake vilikuwa na mipasuko na sakafu ya saruji ilimuuma.

Mwaka ninaoukumbuka, kiangazi kilikuwa kirefu. Usajili wa mitihani ya wanafunzi wetu hufanyika kwa mtandao, na mwaka uliotangulia mtandao ulikatika katikati ya usajili, tukawapakia wanafunzi kwenye lori la chuo kwenda kumalizia Tandahimba. Mkuu wa chuo, Mzee Tahiri, hakulisahau lile lori. Alimwita Ethel ofisini siku niliyokuwa nimepeleka ratiba.

"Mama Wema, mimi nakuheshimu."

"Nashukuru, Mkuu. Sema tu."

"Safari hii mtandao ukikatika wakati wa usajili, kompyuta zinakwenda Masasi kwa wenzetu. Wana fundi wao. Wewe utashika stoo ya chakula. Mahindi hayana mtandao, utapumzika."

Ethel alicheka kama inavyompasa mtu kucheka mbele ya mkubwa wake. Tulipotoka nje alisema, "Ile stoo haina hata dirisha," akaniacha pale barazani.

Hitilafu yenyewe ilikuwa hivi. Mtandao uliingia chuoni kupitia jengo la utawala, ukapita kwenye kebo moja ndefu yenye ganda la metali hadi kwenye seva ya chumba cha Ethel. Asubuhi ulikuwa mzima. Kadiri siku ilivyoendelea na mashine nyingi kuwashwa, ulianza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, hadi alasiri ukalala kabisa. Misimu ya mvua ulipona wenyewe. Kadi za mtandao zilikuwa zimeshaungua zaidi ya moja.

Ethel alitafuta ndani ya mashine, kwa kuwa ndiko alikokujua. Alifungua kumbukumbu za mfumo, akakuta mistari ileile inayorudiana: kiungo kimekatika, kiungo kimerudi. Aliandika amri ya kuonyesha hesabu za kadi, akaona idadi ya vifurushi vya ujumbe vilivyoharibika njiani ikipanda huku akiitazama. Aliikagua kebo yote akidhani panya, akakata vichwa vyake na kuvifunga upya. Alibadilisha tundu la swichi ya mtandao. Aliondoa programu inayoendesha kadi, akaweka nyingine. Kila alipomaliza palikuwa na asubuhi moja ya matumaini, kisha alasiri ikafika.

"Mashine inaniambia jambo lilelile kila siku," aliniambia. "Sijui kama haijui zaidi au haitaki."

Ilikuwa Pili, mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mcheshi wa Kitangari, aliyetoa kilio kidogo alipogusa boksi la seva ili kuchukua kalamu iliyoangukia nyuma yake.

"Mama, inatekenya hii!"

"Kwako kila kitu kinatekenya. Kaa."

"Haki ya Mungu, inatekenya. Zote zinatekenya, ila hii ndiyo mama yao."

Darasa likacheka. Ethel aliweka kiganja chake juu ya boksi, hakusikia kitu, akataka kuendelea na somo. Kisha akatazama miguu ya wanafunzi chini ya meza, yote mitupu juu ya saruji, akatazama yake. Akavua kandambili. Alipogusa tena boksi aliurudisha mkono haraka, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Siku zote, Mama. Tulikwambia."

"Mlikuwa mnacheka!"

"Sasa inatekenya, Mama, tulie?"

Alimpigia simu Gideoni, fundi umeme wa Tandahimba, ambaye alimsikiliza na kumwambia atafute athi, yaani fimbo ya shaba inayopigwa ardhini ili umeme unaovuja upate pa kwenda. Tulifuata waya kutoka kwenye swichi kubwa ya umeme, ukapenya ukuta, ukatokea nje chini ya dirisha. Fimbo ilikuwepo. Udongo ulioizunguka ulikuwa mkavu kama unga wa muhogo, ukimwagika ukiushika. Udongo mkavu namna ile haupokei umeme. Kwa hiyo umeme uliokuwa unavuja kwenye mashine ulikuwa umejitafutia njia nyingine, kupitia ganda la kebo ya mtandao hadi jengo la utawala, na njiani ukawa unaivuruga kadi.

Tulisimama tukitazama juu. Bomba la bati la kukinga mvua lilipita pale juu yetu. Zamani lilikuwa limetoboka, likimwaga maji papo hapo chini ya dirisha. Chuo kilipopata simtanki, bomba lilizibwa na kuelekezwa kwenye tangi, na siku hiyo tuliimba na kupiga vigelegele, Ethel akiwa mbele. Tangu hapo pale palilowa kwa manyunyu ya mvua tu, na kiangazi kikapakausha. Yeyote aliyeishi Newala anaelewa. Maji ya kuoshea mchele huoshea vyombo, ya vyombo hunyweshea mgomba au kufyatulia tofali, na chuoni kwetu hata maji ya udhu yalikingwa kwenye beseni yakapelekwa chooni. Mtoto wa huku akimwaga maji chini anapigwa kabla hajaulizwa. Hakuna ambaye angefikiria kwamba udongo nao una haja.

Ethel alileta birika, akamimina. Tulirudi ndani. Hesabu ya makosa kwenye skrini ilisimama pale ilipokuwa, na alasiri yote haikusogea.

Lakini mchanga haushiki maji. Kesho yake boksi likaanza tena kutekenya. Gideoni alishauri achimbe kuizunguka fimbo, aweke mkaa na chumvi ya mawe, na amwagie maji kila siku hadi mvua. Maji ya chuo yaliletwa na boza, lori la maji, na yalifungiwa. Kwa hiyo Ethel akaanza kuja na dumu lake kutoka nyumbani, mapema, kabla ya wengine, akichota kwenye mgao wake mwenyewe wa kuogea.

Mlinzi, Muharami, alimwona akiwa amepiga magoti chini ya dirisha, akinyunyiza chumvi na kumwaga maji. Habari ilifika jikoni kabla ya uji.

"Mimi sisemi ni uchawi," Muharami alisema. "Nasema nimeona chumvi."

"Na mkaa," mtu akaongeza.

"Na mkaa. Na midomo ilikuwa inacheza."

"Nilikuwa nahesabu vikombe, Muharami," Ethel alisema kutoka mlangoni.

Mzee Tahiri alimwita tena. Usajili ulikuwa umebakiza siku chache kuanza. Ethel alimweleza kuhusu fimbo, na Mkuu alielewa. Hakuwa mtu mgumu wa kuelewa.

"Sikatai," alisema. "Lakini nimewazuia wanafunzi kufua mpaka boza lije. Nitawaambiaje kwamba kuna maji ya kumwaga chini?"

"Ni maji yangu, Mkuu."

"Wao watajuaje? Wataona mtu mzima anamwaga maji, Newala, mwezi wa kumi. Kesho watavunja kufuli la tangi. Acha, Mama Wema. Tafuta njia nyingine, au tukubali ya Masasi."

Ethel alirudi jikoni akaketi kwenye kinu kilicholazwa. Hajira, mpishi wetu, Myao wa Masasi, alikuwa mtani wake, na watani hawapeani pole.

"Wamakonde nyie, mkikosa maji mnalia, mkiyapata mnamwagia ukuta."

"Nenda zako."

"Nitakwenda, adhuhuri imekaribia." Hajira alichukua kopo lake la udhu, akafika mlangoni, akasimama. "Hivi ukuta wako unachagua maji?"

"Unachagua vipi?"

"Yaani lazima yawe mapya?"

Hajira hakungoja jibu. Alipita uani na kopo lake, akalizunguka jengo, akachuchumaa chini ya dirisha la kompyuta, akatawadha pale, maji yakidondoka kutoka viwikoni na miguuni juu ya mkaa wa Ethel. Alipomaliza alisema kwa sauti, kwa ajili ya Muharami aliyekuwa getini, "Haya, na mimi niite mchawi!"

Muharami hakumwita hivyo. Alasiri naye alikuja na kopo lake.

Mkuu wa chuo hakutoa tangazo lolote. Alionekana tu siku iliyofuata, mikono ya kanzu imekunjwa, akitawadha chini ya dirisha, na baada ya hapo Waislamu wote wa chuo walitawadhia pale na beseni likaachwa. Choo nacho kikapewa maji yaliyokwisha kudekia sakafu. Wakristo nao wakaanza kunawia pale kabla ya kula, wengine kwa kushindana.

Siku ya kwanza ya usajili foleni ilipita baraza na kugeuka. Ethel alikaa kwenye seva pekupeku, kiganja kimoja juu ya boksi, kama mama anayepima homa ya mtoto. Adhuhuri ikapita. Alasiri, saa ambayo siku zote mtandao ulikufa, aliniita nije kutazama hesabu ya makosa. Haikuwa imesogea. Hakutabasamu. Aliniomba nimshikie boksi aende kunywa maji, kisha akarudi haraka akasema hana kiu. Usajili ulikwisha bila lori, na habari ya Masasi haikuzungumzwa tena.

Miaka iliyofuata chuo kilipata vifaa visivyotumia waya, na ile kebo ikatolewa. Ethel alibaki kwenye chumba chake hadi alipostaafu. Alirudi Kitangari kwenye mikorosho ya wazazi wake na akafa huko kwa shinikizo la damu, kipindi ambacho mimi nilikuwa nimeshahamishwa, kwa hiyo nilifika baada ya mazishi. Wema alinikaribisha.

Tangu niondoke Newala nilikuwa sijamwona tena Ethel. Nilipokwenda kumuaga siku ile ya uhamisho, basi la Masasi lilikuwa linapiga honi nje na yeye alikuwa ameinama nyuma ya mashine moja, akitoa vumbi kwa brashi ya rangi. Nilisema nimekuja kuaga. Akasema anajua, amesikia honi. Nikasema nitampigia simu nikifika.

"Usinipigie simu, Mwalimu," alisema, bado ameinama. "Niandikie barua pepe. Hata neno moja. Nataka nione inafika saa ngapi."