Salamu za Mama kwa Bwana Maji

Soko huria lilichelewa kutufikia Mkunya, nadhani kwa sababu ya kupanda mlima. Lilipofika lilikuja na simu za mkononi, na mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nikanunua yangu, kubwa kama tofali. Ungeweza kuvunjia nayo nazi.

Kabla ya hapo, maji yakikatika, mama yangu alikwenda Newala kwa miguu mpaka ofisi ya maji. Alianza na mfagiaji, akaja kwa tarishi, akamaliza kwa bwana maji mwenyewe, kila mmoja na salamu zake kamili. Hongo hakuwa nayo. Alikuwa na salamu, na nyingi kiasi kwamba jua lilisimama likimsubiri.

Mwaka huo ofisi ikabandika namba ya simu kwenye ukuta wa serikali ya kijiji. Shida zote, piga hapa. Nikafurahi kama niliyeibuni mwenyewe, maana shida tulikuwa nayo: mwali wetu, mjukuu wa kwanza wa mama, alikuwa anatolewa unyagoni Jumamosi. Wageni walikuwa wanatoka mpaka Chiungutwa, na bomba letu lilikuwa kavu. Zamu yetu ya mgao ilikuwa Jumatatu. Mwali hatoki bila kuogeshwa.

Nikakwangua vocha, nikampandisha mama juu ya kichuguu, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikampa simu.

Bwana maji alimwamkia. Mama akaitikia marahaba, akauliza ameamkaje. Akauliza mkewe, akauliza kikohozi cha mtoto, goti la mama yake, mikorosho ya baba yake kama imetoa maua. Kisha mama akaeleza kwamba sisi tu wazima, mwali anatoka keshokutwa, tunamshukuru Mungu. Mimi huku chini nanyoosha vidole, naonyesha bomba, naonyesha ndoo, nacheza ngoma nzima bila ngoma.

"Maji, mama," nikanong'ona.

Akaziba simu kwa kiganja. "Nimwombe mtu maji sijajua nyumbani kwake wameamkaje?"

Alipoirudisha sikioni, vocha ilikuwa imekwisha. Duka la kijiji halikuwa na nyingine. Nililalamika mpaka mikorosho ikachoka kunisikiliza. Mama akakaa juu ya kichuguu na simu mapajani, ametulia kama mgeni aliyeambiwa chai inakuja.

Simu ikalia.

Alikuwa bwana maji, anapiga kwa simu ya ofisi. Akasema tangu namba ile ibandikwe, watu humbwekea maji, maji, kisha wanakata; hajaulizwa goti la mama yake hata na ndugu zake. Halafu akauliza yeye mwenyewe.

"Sasa mama, huyo mwali mtamwogesha kwa maji gani? Zamu yenu si Jumatatu?"

"Ndiko nilikokuwa naelekea, baba," mama akasema.

Ijumaa alfajiri bomba lilikohoa, likatema upepo, likatema kutu, kisha maji yakatoka kwa nguvu za kumwangusha ng'ombe. Mwali alioga, akang'aa, wageni wakala.

Jumapili mama akanituma vocha mbili, ampigie bwana maji kumshukuru. Nikauliza mbili za nini. Akasema moja haitatosha kufika kwenye shukrani.