Kasha la Sita

Kompyuta ile tulipewa na fundi wa simu, Mtanzania wa Tanga, ambaye kibanda chake kilipakana na cherehani yangu kule Fordsburg. Hakuna aliyeitaka. Ilikuwa kuukuu, nzito, na ikiwashwa ilikoroma. Nikaibeba hadi kwetu Turffontein kwa sababu siwezi kuona kitu kinatupwa nikanyamaza. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu wa maana: mtu mdogo yumo ghalani, anasukuma makasha mpaka kila nukta iliyo sakafuni ipate kasha lake. Kuvuta hawezi. Ukilibana kasha kwenye kona, umekwisha, anza upya.

Huo ulikuwa mwaka 2017, binti yangu ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili changu cha Bukavu alikielewa chote, lakini akijibu ni Kiingereza, na akikasirika ni Kiingereza cha kasi nisichoweza kukifuata. Iliniuma, sitasema uongo. Mtoto anakugombeza, na wewe mama yake unaokota neno hapa na pale. Basi nikatunga sheria: Jumapili tukitoka kanisani tunacheza, mimi nabonyeza, yeye anaamuru, na vidole vyangu havisikii Kiingereza. Akiteleza, naacha kubonyeza, natazama dari. Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya pili akaanza, “Sukuma kushoto. Apana, Mama, rudia kwanza nyuma.”

Kufikia Agosti tulikuwa tumemaliza hatua zote hamsini. Maneno ya pongezi yakatokea kwenye kioo, naye akaenda zake chumbani akiimba. Mimi nilibaki kwenye kiti nimeingiwa na hofu. Mchezo umeisha, na Kiswahili ndani ya nyumba hii kitaisha nao.

Kesho yake nikamuuliza fundi. “Kaka, haina ingine?”

“Hebu ilete hiyo mashine, dada yangu, tuipasue tumbo.”

Alipoifungua alinionyesha faili ambamo kila hatua ilikuwa imechorwa kwa alama: alama hii ukuta, ile kasha, ile nukta. Baada ya ile ya hamsini zilifuata nyingine tisa. “Hizi zipo, ila mchezo hauzifikii,” alisema. “Wenyewe walizitengeneza, kisha wakaziacha humu humu.” Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Chini ya meza yangu kuna mfuko umejaa kola nilizokosea na mikono ya magauni ambayo wateja walibadili mawazo juu yake, na sijawahi kuutupa. Akazihamishia zile tisa mwanzoni mwa mchezo, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu.

Zilikuwa hatua za ajabu. Moja ilikuwa na kasha moja na nukta moja, unasukuma mara moja tu, imeisha. Nadhani mtu alikuwa anajaribu kama mashine inafanya kazi. Nyingine ilikuwa na ukuta wenye pengo, na mtu wetu akatoka nje ya ghala akawa anatembea gizani, binti yangu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nyingine ilikuwa nzuri kuliko zote hamsini. Kwa nini waliiacha, mpaka leo sijui.

Ya tisa ilikuwa kubwa, imejaa kona. Ilipofunguka nilifanya kile ninachofanya kabla ya kushona shati lolote: nilihesabu matundu na vifungo. Nukta sita, makasha matano. Hatua ile isingeisha hata tungeicheza mpaka Krismasi. Nikanyamaza.

Sijivunii. Jumapili tano mfululizo mtoto alipanga, akakosa, akapanga upya. Alianza kufikiria njia hata akiwa shuleni, halafu ananieleza jioni tukila, kwa Kiswahili, bila kuambiwa. Nami nabonyeza kwa utii, nikijua vizuri kwamba hatufiki popote. Nilikuwa na raha na nilikuwa naona haya, vyote kwa pamoja.

Jumapili ya sita kompyuta ikiwa bado imezimwa, alinifuata jikoni akiwa na karatasi aliyoichora hatua ile.

“Mama, makasha iko tano. Nukta iko sita.”

“Kweli?” nikasema, nikikoroga sombe, yale majani yetu ya muhogo.

Akanitazama. Anamjua mama yake, mtu wa kuhesabu hata pini. “Ulijuaka.”

“Nilijuaka.”

“Toka siku gani?”

“Ya kwanza.”

Hapo akanilipukia. Kwamba nimemdanganya. Kwamba ameumiza kichwa mwezi mzima bure. Kwamba mama wa kanisa hawezi kufanyia mtoto wake hivi. “Eish, Mama, hii haiko muzuri. Haiko muzuri hata kidogo.” Mchezo haukuwa umewashwa, na sheria yangu haikuwa na nguvu jikoni, lakini hasira yote ile ilitoka kwa Kiswahili, na mimi nilielewa kila neno. Nikazima jiko, nikavuta kiti, nikamwacha anigombeze mpaka amalize.