Siku Mukebe Yangu Ililaza Asamble Nzima Chini

Haya hii nimeibeba muda murefu, na wengi walioiona kwa macho walishakufa, basi afadhali niiseme miye mwenyewe kabla wajukuu za watu hawajaichukua na kuiharibu: miye Rusina, mujane wa Zefania, wa Mudzipela hapa Bunia, mama wa kwaya kanisani, nililaza wadepite wote, wabunge wa asamble, chini siku moja, halafu nikasimama katikati yao na jupon, nguo ya ndani, peke yake.

Ilikuwa wakati wa vita, ile wakati Bunia ilikuwa inapumua kidogo halafu inakimbia tena. Na siye wote wakati ile tulikuwaga na mukebe. Ni mukebe ya maziwa ya unga, ile ya bati yenye kifuniko, unaweka ndani karatasi ya ndoa, reçu zako za malipo, ufunguo ya nyumba, unazika chini ya mafiga, ukikimbia unaiacha pale, ukirudi unachimba. Kuna watu walirudi wakakuta nyumba hakuna, mukebe iko. Mama Ngave alirudi akakuta nyumba iko, mukebe hakuna, na ndiye alilia kuliko wote.

Sasa, mbele ya vita muzee wangu Zefania alikopa kwenye koperative moja ya kuweka akiba hapa mujini (jina yake siitaji, ilishakufa nayo) ili tupate mabati. Akaacha karatasi ya parsele, ya kiwanja yetu, kama garanti ya deni. Tulilipa mpaka tukamaliza, na siku ya kumaliza nilikuwa pale, nimekaa kwenye benchi ya mbao pembeni ya muke wa fundi Batista, na ni mukubwa wa koperative mwenyewe, Bwana Anselme, alituandikia reçu ya mwisho na kalamu ya bleu. Akasema, "Karatasi ya parsele iko kwa sanduku ya chuma, Papa Zefania, mutarudi kesho kutwa." Kesho kutwa ndiyo vita iliingia Mudzipela. Tulizika mukebe mbio mbio, tukakimbilia upande wa Kilo, na Zefania alibakia kule, homa ilimuchukua kwa siku tatu.

Niliporudi na muke wa mutoto wangu, Josiane, tulikuta nyumba imesimama, mulango iko, mabati iko, na kwenye ukuta maandishi mekundu makubwa. Miye nilisoma miaka mbili tu, nikamuuliza Josiane, akasoma mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama, wanasema itauzishwa Jumamosi, maana deni haikulipwa."

Nilienda kwa Bwana Anselme na miguu yangu. Akafungua kitabu, akashusha kidole polepole, akasema hakuna. Nikamuambia reçu iko. Akasema, "Basi ulete hapa, mama, unipe mukononi." Na vile alisema *mukononi*, nilikataa. Niliona kabisa ile karatasi ikiingia ndani ya mukono yake na isitoke.

Ndipo tukasikia kwamba wadepite wa asamble ya Ituri watakaa kuuliza maswali wakubwa wa koperative na wa banki: sababu gani wanakopesha wenye zahabu wa Mongbwalu bila garanti, na mujane anaombwa nyumba nzima, sababu gani wanauzisha nyumba za watu wenye wako porini wanakimbia. Na mutu mwenye malalamiko anaweza kuja kusema. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Jumamosi ilikuwa pale pale, inaniangalia.

Asubuhi nilichimba mukebe. Josiane akasema, "Mama, tufungue kwanza tuangalie."

"Tufungue, macho ya majirani yaone nini?"

"Basi uweke kwa kapu."

"Kapu wanapekuwa kwa mulango. Wakiona mukebe wataichukua."

Hapo ndiyo nilikosea, pale pale, kitu kidogo kama ile. Nilichukua kamba ya katani, nikafunga mukebe kwenye kiuno, nikavaa juu yake vikwembe, vitenge vya kufunga, tatu (wakati ya vita tulivaaga tatu, ukikimbia uko na nguo, uko na blangeti, uko na sanda), nikatoka nikitembea kama bata.

Kwa mulango ya sale, chumba kikubwa cha mikutano, kulikuwa walinzi wawili na bunduki. Mumoja, Tabo, mutoto wa mwalimu Eliya, aliangalia tumbo yangu, akaniita koko kama bibi yake. "Koko, na miaka yako yote hii, uko na mimba?"

"Ni ya Zefania," nikamujibu. "Ilichelewa njiani."

Watu walicheka, na yeye akacheka, akanipitisha. Kama angenipekuwa nisingekuwa na haya ya kusema leo.

Ndani hakuna mutu alicheka. Watu walikuwa wamekaa nusu matako, ile kukaa ya wakati ule, muguu moja iko tayari. Pikipiki ikipita inje, vichwa vyote vinageuka kwa dirisha, hata vya waheshimiwa. Mukubwa wa komisio ile ya kuuliza maswali alikuwa Muheshimiwa Zakaria, mutu munene mwenye sauti ya pole. Mbele yake Bwana Anselme na koti yake ya kijivu, vitabu tatu juu ya mapaja.

"Bwana Anselme," muheshimiwa akauliza, "nyumba ya mujane Rusina. Amelipa ao hakulipa?"

"Hakulipa, Muheshimiwa. Vitabu ni hivi."

"Na reçu?"

"Watu wanasema reçu, reçu. Hatujaona."

Muheshimiwa akanigeukia. "Koko, uko na reçu?"

"Iko," nikasema. "Iko hapa juu yangu."

"Basi tuonyeshe."

Hapo ndiyo nilifahamu kwamba sikufikiri namna ya kuitoa. Niko mbele ya wanaume kumi na kitu, mukebe iko chini ya vikwembe tatu. Nikageuka kidogo kwa heshima, nikaingiza mukono chini ya nguo, nikaanza kutafuta fundo. Fundo ilikuwa imekaza. Nikaingiza na mukono ya pili. Sikujua kwamba mulinzi wa pili, yule wa nyuma hata jina yake sikupata (na inaniuma mpaka leo, maana majina yote nilikuwaga nayo), alikuwa anaangalia mikono yangu tu. Nikasikia bunduki inasema *kwacha*.

"Mikono juu, mama."

Mikono ikapanda yenyewe. Na fundo ilikuwa imeshafunguka.

Mukebe ilianguka kwenye simiti katikati ya miguu yangu, na ndani mulikuwa kufuli ya chuma na ufunguo, basi ililia, weye, ililia kama dunia inapasuka, halafu ikaanza kujizungusha polepole, *kolo kolo kolo*, kuelekea meza ya waheshimiwa. Mutu mumoja akapiga kelele, "Grenadi."

Ninyi hamukuona vita, hamujui ile neno, bombu ya mukono, inafanya nini. Sale nzima ililala kama majani. Viti vilianguka, mutu alipita kwa dirisha na miguu mbele. Na miye, mwenye mukebe, miye niliyeifunga na mikono yangu, nilisikia grenadi na niliamini. Nilikimbia mukebe yangu mwenyewe. Vikwembe vilikuwa vimefunguka na kamba, vikabaki pale niliposimama, vyote tatu, na miye niliingia chini ya meza ya wadepite kama panya.

Chini kulikuwa giza, miguu, viatu, mutu analia. Nilifunga macho. Nilifikiri, Zefania, nakuja, lakini nyumba nimeiacha na maandishi mekundu. Ndiyo kitu kiliniuma, si kufa. Nikafungua macho, na pua yangu iko karibu na pua ya Bwana Anselme, anatetemeka, jasho inamutoka kama mutu wa malaria. Na kwa woga wote ule nikamuuliza, maana nilifikiri sitapata nafasi ingine hapa duniani.

"Anselme, tunakufa sasa. Nyumba yangu iko na nani?"

"Mama Rusina, munisamehe," akasema, meno inagongana. "Mulilipa. Mulilipa yote. Karatasi ya parsele nilimupa shemeji yangu, ndiye atanunua Jumamosi. Munisamehe, nitakutana na Mungu namna gani."

Nikamuambia, "Utajua huko." Nikaanza kusali.

Tulingojea. Mukebe haikupasuka. Tukangojea tena. Mwisho Tabo alikuja akaisukuma na muti murefu, kifuniko ikatoka, kufuli ikaanguka inje. Halafu mutu akaanza kucheka huko nyuma, ile kucheka ya kulia.

Nilitoka chini ya meza kinyumenyume. Niliposimama nilisikia baridi kwa miguu. Jupon yangu nilikuwa nimeishona na gunia ya unga ya musaada, kitambaa muzuri, muzito, na maandishi ya bleu nilifikiri ni mauwa ya kizungu. Kumbe watu wote wanasoma matako yangu. Josiane ndiye alikuja mbio na kikwembe, akanifunga, akaninongoneza, "Mama, imeandikwa ni marufuku kuuzisha."

Muheshimiwa Zakaria akajipanguza vumbi, akaomba reçu. Tabo akaitoa ndani ya mukebe, akaifungua na vidole mbili. Ilikuwa nyeupe. Udongo ya mafiga ilikuwa imeingiza maji wakati tulikuwa Kilo, na bleu yote ya kalamu ilikuwa imenywewa mpaka imeisha, kulibakia tu alama kama ya machozi kwenye kitambaa. Nilikuwa nimebeba ile kitu kwa kiuno kama mutoto, na ndani hakukuwa kitu.

Bwana Anselme aliiona mbele yangu. Alikuwa ameshakaa, amenyoosha koti. "Munaona, Muheshimiwa," akasema. "Karatasi tupu."

"Naona," muheshimiwa akasema na ile sauti yake ya pole. "Sasa rudilia yale ulimuambia koko kule chini."

"Kule chini sikusema kitu."

"Papa Anselme, miye nilikuwa nimelala juu ya muguu yako."

Akasema ilikuwa woga, mutu mwenye woga anasema yoyote. Muheshimiwa akamuambia mwandishi, "Andika. Andika na ile ya woga pia." Na mwandishi aliandika yote mbili.

Ijumaa jioni watu wa komisio waliitoa karatasi ya parsele kwa shemeji ya Anselme, wakaniletea. Jumamosi Josiane alifuta maandishi na chokaa, lakini mekundu inaonekana bado mvua ikinyesha. Nyumba ni hii mumekaa ndani yake sasa.

Basi, miye Rusina nilishaapa: sitafunga tena kitu kwa kiuno, na sitabeba karatasi pasipo kuifungua kwanza, mukwe akiniambia mara moja tu nitamusikia. Soko nzima waliniitaga Mama Grenadi mpaka nilipozeeka, na wajukuu wakisikia wanacheka sana. Sufuria ikianguka jikoni wanakuja kuniangalia, na miye nacheka pamoja nao, lakini wananikutaga nishakuwa chini ya meza.