Udongo Ulioachwa Wazi

Mama mkwe wangu hakuwahi kuacha udongo wazi. Ukipita kijijini kwetu Ndama ukaona kibanja ambacho migomba yake imesimama kwenye nyasi nene mpaka mguu unazama, hicho ni chake. Nyasi anazikata mwenyewe huko rweya, kwenye uwanda wa malisho, anazibeba kichwani, kisha anazitandaza kwa mkono mpaka usione hata kiganja cha udongo. Kwake udongo usiofunikwa ni aibu, sawa na mgeni kukuta kitanda hakijatandikwa. Nimeolewa hapa miaka mingi, na bado nikimwona akitandaza nyasi nasimama nimtazame.

Mimi ninachopenda ni maua, na maua hayaliwi. Aliniambia hivyo tangu mwanzo, bila ubaya. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi nchi ya baridi aliponitumia bahasha ya mbegu za ua liitwalo kolambaini, ilinibidi nimwombe mama mkwe kijisehemu mbele ya nyumba, pale anapopanda maharage. Alifikiri siku mbili. Akasema nichukue msimu mmoja wa vuli. Masika yakifika bila ua, maharage yanarudi mahali pake. Nikakubali haraka, kabla hajabadili mawazo.

Mdogo wangu alikuwa amenieleza kila kitu. Ni aina fupi, haifiki goti, ua lake ni jekundu lenye manjano ndani na linaning'inia likitazama chini. Mbegu zilale kwanza kwenye baridi wiki kadhaa. Halafu zimwagwe juu ya udongo na zisifunikwe, kwa sababu bila mwanga haziamki. Nyumbani hatuna friji, basi mwenye duka mmoja wa Omurushaka akanihifadhia bahasha katikati ya soda zake. Wateja walimcheka sana.

Mvua za vuli zilipoanza nilichukua nusu ya mbegu, nyingine nikaziacha dukani. Nilizimwaga, nikazigandamiza kidogo kwa kiganja, nikaenda zangu kanisani. Niliporudi nilikuta bustani yangu imefunikwa nyasi, safi, nene, zimelazwa kwa ustadi wote anaoujua mama. Alikuwa amesimama pembeni anapangusa mikono, amefurahi. Alikuwa ameona udongo wangu uko uchi siku ya Jumapili, watu wakipita, akanisitiri.

Hasira hasara, nalijua hilo, lakini mimi nina mdomo. Nilipaza sauti. Nilimwambia, "Mama, umeniulia mbegu zangu." Mume wangu alisikia akaenda kutafuta jembe ambalo halikuwa limepotea. Mama aliinama, akazikusanya zile nyasi kumbatio kwa kumbatio, akazirudisha kwenye migomba. Mbegu nyingi zilikuwa zimenasa humo, zikaondoka nazo.

Jioni nilimpigia magoti nikaomba radhi. Alinisamehe, ila kwa wiki nzima alinisalimia kwa kifupi, na nilistahili.

Nilikwenda Omurushaka kuchukua nusu iliyobaki. Safari hii mama mwenyewe aliweka miti ya kuzuia kuku, na asubuhi alinyunyiza maji kwa vidole, taratibu, jinsi anavyonyunyiza unga wa mtama kwenye pombe ya ndizi. Zikaota chache, nikahesabu kumi na moja, majani yake ya mviringo yenye pindo zilizokatwakatwa, kijani chenye vumbi la buluu. Nilikuwa nayaangalia kabla hata ya kuwasha moto.

Machi ikafika. Majani yapo, ua hakuna. Nilimwona mama anakuja na jembe begani na kikapu cha mbegu za maharage, nikabaki mlangoni kwa sababu ahadi ni ahadi na mdomo wangu ulishanitia aibu mara moja. Alichuchumaa. Aliinua jani moja kwa kidole, akalitazama chini na juu, akainua la pili. Kisha akasimama, akapita, akaenda kulima nyuma ya jiko, penye mawe. Alilima mpaka saa sita. Huyo ndiye mwanamke ninayemzungumzia. Nilichukua jembe langu nikamfuata, tukayatoa mawe pamoja, na habari ya maua hatukuigusa.

Yalichanua Agosti, baada ya zile baridi za Juni na Julai. Nilikuta moja limening'inia kwenye kijiti chembamba, jekundu kabisa, na ndege chozi anahangaika kuliingia kwa chini. Nilimwita mama. Alilitazama kwa muda mrefu akiwa amekunja mikono nyuma.

"Linainamisha kichwa mbele ya watu wazima," akasema. "Ua lako lina adabu kukushinda, mwanangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka.

Maganda yalipokauka na mbegu nyeusi kuanza kumwagika, aliniomba kiganja kimoja. Alizifunga kwenye bahasha, akapanda pikipiki mpaka Omurushaka kuzilaza kwenye friji ya soda. Wiki zilipotimia, alikwenda kwenye kaburi la baba mkwe, lililo katikati ya migomba, akatenganisha nyasi zake mpaka pakabaki mahali pa wazi upana wa ungo. Akazimwaga mbegu, akazigandamiza kwa kiganja, akaziacha hivyo.

Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani kwetu, wanawake waliliona lile doa la udongo. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho kwenye kibanja cha mama. Mmoja akamuuliza kwa upole kama nyasi zimemwishia, watu wamsaidie kukata.

"Nyasi zipo," mama akajibu. "Mkwe wangu amenifundisha."

Niliingia jikoni kutazama chai, na chai ilikuwa imeshaipuliwa.