Mkwe Aliyefundwa na Kompyuta

Ednah Makandi hutengeneza kompyuta mjini Nkubu, katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kazi hiyo aliisomea chuoni, akaolewa, akazaa, na duka lake halifungwi ila Jumapili na siku za mazishi. Ni mwanamke wa kanisa, si msemaji. Watu humpenda kwa sababu hapekui mambo ya wateja wake. Picha, barua, vitu vya aibu, vyote hupita mikononi mwake kama nguo chafu zinavyopita kwa dobi. Husema mashine haina dhambi. Hata mimi niliona hivyo, mpaka nilipopata habari za Nthiga.

Nthiga anatoka Mbeere, upande wa Siakago, na ni karani katika bohari la njugu za makadamia hapo Nkubu. Watu humwita kijana, ingawa amepita thelathini na kichwa kimeanza kung'aa mbele. Alikuwa amemchumbia Kiende, mdogo wake Ednah, fundi wa cherehani huko Kanyakine. Wazee walikwisha kuonana mara ya kwanza, wakapatana. Kulibaki Jumamosi moja tu. Watu wa Mbeere wangeleta mtungi wa asali kwa Mzee Mbae, baba yao kina Ednah, na Kiende angeulizwa mbele ya wote kama mtungi ufunguliwe. Akisema ufunguliwe, amekuwa mke wa mtu. Akisema usifunguliwe, unarudi ulikotoka, na hakuna anayemlazimisha.

Jumatano ya wiki hiyo Nthiga alipanda ngazi za duka akiwa amekumbatia kompyuta yake kama mtu anayepeleka mtoto zahanati.

"Shemeji, nimekuletea mgonjwa."

"Mgonjwa ana nini?"

"Anasahau. Nikimzima jioni, asubuhi amesahau kila kitu. Halafu kuna mahali akifika, kioo kinakuwa cheusi kabisa."

"Iache hapo. Nitaiangalia Jumatatu, mambo ya nyumbani yakishatulia."

"Jumatatu nimechelewa, shem. Nataka kabla ya Jumamosi. Tafadhali."

Ednah alidhani ni kazi ya ofisi. Kumkatalia mkwe katika wiki ya asali ni maneno ambayo yangefika Siakago kabla ya jua kutua. Akachukua bisibisi, akaigeuza kompyuta, akafungua mfuniko wa chini. Mende wawili wakatoka mbio, na wa tatu hakutoka kwa kuwa alikuwa amekufa zamani na kukaukia kwenye feni. Chini ya kibodi kulikuwa na tabaka la mafuta ya chipsi na soda iliyoganda, nywele zimenasa ndani yake. Harufu ikajaa chumba. Ednah akafungua dirisha.

"Nthiga, wewe hulia chakula juu ya hii?"

"Siku nyingine naona uvivu kuiacha," akasema akicheka.

Akasafisha. Kijibetri kile kidogo cha duara, kinachoitunzia kompyuta saa na tarehe, kilikuwa kimekufa, na betri kubwa nayo ilikuwa imechoka. Chaja ikichomolewa tu, kompyuta hurudi kwenye mwaka ambao Nthiga alikuwa bado shuleni. Akaweka kijibetri kipya, akarekebisha tarehe, akaiwasha.

"Sasa nionyeshe hiyo programu inayosahau."

Nthiga akavuta kiti karibu, akabofya. Muziki wa kengele ukalia. Kwenye kioo akatokea msichana wa kuchorwa, macho makubwa kama visahani, kiuno cha nyigu, na nguo ambayo fundi wa nguo angeona haya kuipima. Juu ya kichwa chake palikuwa na mstari wa mioyo myekundu, mingine imejaa, mingine mitupu.

"Anaitwa Lusinda," Nthiga akasema.

Nieleze, kwa ajili ya waliobahatika kutojua. Ni mchezo wa kuchumbia. Mchezaji hupewa msichana wa kioo na maneno matatu ya kuchagua kila anapoongea naye. Akichagua neno la kumlainisha, moyo mmoja unajaa. Akimpa zawadi, mwingine unajaa. Mioyo ikiongezeka, nguo zinapungua. Hayo ndiyo mapenzi yaliyofungwa ndani ya sanduku na kuuzwa kwa watu wazima. Nguruwe hufundishwa hivyo kusogea kwenye hori.

Siku za mchezo zilifuata tarehe ya kompyuta. Tarehe iliporudi nyuma, mchezo ulikataa kuamini kwamba Lusinda amewahi kuonana na Nthiga, ukamwanzisha upya.

"Nimejitambulisha kwa huyu msichana hadi nimechoka," alisema. "Kila asubuhi, 'Habari, wewe ni nani?'"

Ednah akamtazama. "Hii ndiyo kazi ya kabla ya Jumamosi?"

"Shem, usicheke. Wewe unaona ni gemu, lakini hii ndiyo imenifunza. Unafikiri mimi nilijua kuongea na mwanamke? Sisi tumelelewa na mbuzi. Yale maneno yote niliyomwambia Kiende, kwanza niliyajaribu hapa. Lisilojaza moyo, simpelekei."

Alisema hivyo bila haya, kama mkulima anavyoeleza mbolea aliyotumia. Hata alimsomea mawili matatu. *Kabla yako nilikuwa nahesabu siku, sasa nazihifadhi.* Hilo lilikuwa la mioyo miwili. *Ukinyamaza, dunia nayo inanyamaza.* Hilo alilihifadhi kwa siku ambazo Kiende amekasirika.

Lile la kwanza Ednah alilijua. Kiende alikuwa amemsomea kutoka kwenye simu, msimu wa maembe, akiwa ameacha cherehani yake na kitambaa cha mteja kikiwa chini ya sindano. Alikuwa akilia kwa furaha. Ednah akahisi mate yakimjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, akayameza, maana aliyekaa mbele yake alikuwa mkwe.

"Kilichobaki ni nini?" akauliza, ili tu amalize.

"Kuonana na baba yake. Ni hapo kioo kinakuwa cheusi."

Kosa lilikuwa dogo. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa imelishuku faili moja la mchezo na kulifungia pembeni. Ednah akalirudisha, nyumba ya baba yake Lusinda ikatokea, pamoja na mzee mwenye suti na sharubu. Yule mzee akauliza kwa maandishi: *Unataka nini kwa binti yangu?* Chini yake majibu matatu. Nthiga akachagua la kwanza, la kukaa kimya. Mzee akapandisha mabega, akaondoka, na mchezo ukamrudisha mlangoni. Nthiga akachagua tena kukaa kimya. Akarudishwa tena.

"Unaona? Imekwama. Hii ni virusi."

"Haijakwama. Unajibu vibaya."

"Nijibu nini? Mbele ya baba wa msichana mwanamume ananyamaza, wazee wake ndio wanaongea. Nikifungua mdomo nitakuwa sina adabu."

Mambo yote ya mchezo ule aliyaona sawa, uchi na uongo na kununua mapenzi kwa zawadi, lakini adabu ya ukweni hakuweza kuivunja hata mbele ya mzee wa kuchorwa. Ednah nusura amhurumie. Kwa kutaka atoke dukani, akabofya jibu la tatu: *Namtaka, na sihitaji ruhusa ya mtu yeyote.* Mzee wa sharubu akatabasamu. Kengele zikalia, mioyo yote ikajaa, na Lusinda akaja mbio na kile kidogo kilichobaki mwilini mwake.

Nthiga akapiga makofi. "Wee! Kumbe ni kujiamini tu!"

"Nthiga, nisikilize. Kwetu usiseme hivyo."

"Ah, shem. Mimi ni mwendawazimu?"

Akaenda na kompyuta yake. Ednah akaosha mikono kwa sabuni, akaona haijatakata, akaosha tena.

Siku mbili alizunguka na neno hilo kifuani. Akinyamaza, mdogo wake anaolewa na maneno ya kukodi. Akisema, huenda anavunja nyumba kabla haijajengwa kwa sababu ya mchezo, na watu watasema dada mkubwa ana kijicho. Wako watakaouliza, kosa la Nthiga ni nini? Hakuiba, hakupiga, hakuwa na mwanamke wa kando. Nami nasema alikuwa naye. Na zaidi ya hapo, Kiende aliyemwendea kwa miguu yake alimlisha makombo ya huyo wa kioo.

Ijumaa Ednah akaenda nyumbani kwa baba yake, Kanyakine, kusaidia mapishi. Akamkuta Kiende nyuma ya jikoni akimenya ndizi, akamweleza yote.

Kiende akacheka. "Ai, Ednah. Watu wanatoa maneno kwenye kadi, wengine kwenye nyimbo. Kuna nini?"

"Kadi haivui nguo ukiisoma vizuri."

"Unamwonea. Nthiga ni mshamba tu, anaogopa wanawake."

"Sawa. Ile siku mliyokosana, ukakataa kushika simu. Aliandika nini baadaye? Ngoja nikuambie mimi. 'Ukinyamaza, dunia nayo inanyamaza.'"

Kisu kikasimama katikati ya ndizi. Kiende hakuwa amemwonyesha mtu ujumbe ule.

"Alikuambia yeye?"

"Alinionyesha pa kubofya."

Mdogo mtu akajifuta vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu. Kisha akasema, "Usimwambie baba. Kesho nitamsikia mwenyewe. Labda ana lake moja."

Jumamosi watu wa Mbeere wakafika mapema, wamevaa vizuri. Msemaji wao alikuwa Mzee Mwaniki, amu yake Nthiga, mtu wa heshima zake. Asali ilitoka kwenye mizinga yake mwenyewe, na alikuwa ameupakata mtungi safari yote asiuachie dereva. Akaongea vizuri, akatania vizuri, Mzee Mbae akamjibu vizuri. Nthiga alikaa kati ya wazee wake, ametazama chini kama inavyotakiwa. Mtu asiyejua angesema huyo ni mkwe wa dhahabu.

Kiende akaitwa. Baba yake akamuuliza, "Mama, asali hii iko mbele yako. Tufungue?"

"Baba, nina ombi. Nataka kwanza huyu aniambie yeye mwenyewe kwa nini amenijia. Kwa mdomo wake."

Minong'ono ikazuka. Shangazi mmoja akasema tangu lini. Mzee Mwaniki akaanza, "Binti yetu, mimi ndiye mdomo wake leo," lakini Mzee Mbae akainua mkono. "Mwache aulize. Ndiye atakayeishi naye."

Nthiga akasimama. Alimtazama Kiende, akamtazama Mzee Mbae, na Ednah, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya chai, akaona jinsi uso wake ulivyofunguka ghafla kwa furaha ya mtu aliyekumbuka jibu.

"Nakutaka," akasema kwa sauti kubwa, "na sihitaji ruhusa ya mtu yeyote."

Mzee Mwaniki akamshika koti na kumvuta. "Unasema nini wewe? Kaa! Kaa chini!"

"Nthiga," Kiende akasema polepole, "hilo si lako. Niambie lako."

Alipoona hakuna aliyetabasamu, akajaribu lingine. "Kabla yako nilikuwa nahesabu siku, sasa…"

"Hilo nalo nalijua. Mimi hupenda nini, Nthiga? Hukasirishwa na nini? Sema hata kitu kimoja. Sema kwamba nakoroma."

Akasimama pale mdomo wazi, macho yakihama kutoka uso hadi uso, akingoja. Hakuna majibu matatu yaliyotokea. Alichosema mwisho kilikuwa, "Nimekuletea pia kitenge."

Kiende akamgeukia baba yake. "Msifungue."

Mzee Mwaniki hakubishana. Aliinama, akauinua mtungi kwa mikono miwili, akaomba msamaha kwa wenye nyumba kwa Kimbeere, halafu tena kwa Kiswahili ili wote wasikie. Mzee Mbae akasema mgeni haondoki na njaa, na wakala, watu wa pande mbili, bila mtu kuinua macho kwenye sahani. Kiende mwenyewe aliwapakulia. Alilia baadaye chumbani kwa mama yake, na naambiwa alilia sana, kwa kuwa alimpenda mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Nthiga hakula. Alimfuata Ednah hadi nyuma ya jikoni, mahali alipokuwa akiosha sahani, kitenge bado kwapani.

"Shemeji, nilibofya wapi vibaya?"

Si "nimemkosea". Si "nitamwambia nini". Ednah aliyatazama yale macho yaliyokuwa yanangoja maelekezo, na kinyaa kilichomshika Jumatano kikampanda tena kooni. Safari hii hakukimeza. Akatema mate pembeni, kwenye majivu.

"Usiniite shemeji," akasema, akarudisha mikono kwenye maji ya vyombo.